Makazi ya viumbe ni nini, na joto huyaondoaje

Ukitoka Lamu kwa mashua ukaingia Manda kupitia mkono wa bahari wenye mikoko, maji yakiwa yamejaa, utafika Takwa. Msikiti bado umesimama, na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla. Watu waliishi pale karne ya 16 na ya 17, kisha wakahama. Ugomvi na mji jirani wa Pate hutajwa, lakini sababu inayotajwa sana ni maji: visima viliingia chumvi. Kuta zilibaki na kisiwa kikabaki. Makazi ndiyo yaliyoondoka.

Naanza na Takwa kwa sababu dhana ya makazi ya viumbe ni hiyo hiyo. Makazi ni mahali pamoja na kila kinachomwezesha kiumbe kuishi na kuzaa hapo: kiasi cha joto, chakula, maji, maficho, na viumbe wengine anaowategemea. Kimoja kikiharibika, mahali hapo huwa gofu kwake, hata kama sisi tukitazama hatuoni kilichobadilika. Tukisikia "makazi yanaharibika" wengi wetu hufikiria shoka na tingatinga. Joto halikati mti wala halichimbi, ndiyo maana kazi yake huchelewa kuonekana.

Mtazame kasa. Katika fukwe za visiwa vyetu, hadi hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979, kasa jike hupanda usiku, akachimba shimo, akataga mayai 100 hivi au zaidi, akafukia na kurudi baharini. Yai linapotagwa halijawa dume wala jike. Joto la mchanga ndilo huamua, katika muda wa miezi miwili hivi ya kuatamiwa na ardhi. Mchanga ukiwa na joto la karibu nyuzi 29 za Selsiasi, huanguliwa mchanganyiko. Ukiwa baridi kidogo, madume huwa wengi. Ukizidi, huwa majike. Ukikaribia nyuzi 34, watoto wengi hufia ndani ya yai. Hizo ni tofauti ndogo sana, na mtu anayetembea peku ufukweni asingezihisi.

Dunia yote imeshaongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1.1 kulinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900, hasa kwa gesi zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Kaskazini mwa Australia, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga waliotoka fukwe zenye joto kali ni majike. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, kwa hiyo upungufu huu hauleti maafa papo hapo. Lakini kasa huchukua miaka 20 na zaidi kukomaa, na majike hurudi kutaga pande zile zile walikoanguliwa. Madume yakikosekana leo, pengo litaonekana wakati watoto wetu wameshakuwa wazee wa mtaa.

Sehemu kubwa ya joto lililoongezeka, zaidi ya asilimia 90, imemezwa na bahari. Huko ndiko liliko tumbawe, ambalo ni mnyama, ingawa sisi tumezoea kulijua kama jiwe la kujengea. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe huutema mwani ule. Rangi nyingi ilikuwa ya mwani, basi linabaki jeupe. Huku ndiko kupauka. Halijafa bado, maji yakipoa mapema hupona, yakichelewa hufa njaa. Mwaka 1998, baada ya El Niño, hali inayopandisha joto la bahari, miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai.

Mwamba uliokufa hauporomoki siku hiyo. Husimama, kama Takwa. Samaki kipepeo wanaokula tumbawe hai ndio hutoweka kwanza. Tasi na pono huendelea, kwa kuwa mwani huota juu ya mwamba mfu, na mvuvi akivuta dema lake anaweza kudhani mambo ni salama. Mawimbi ya kusi yakishavunja yale matawi na maficho yakaisha, ndipo nao hupungua.

Hapa ndipo linapoingia neno bayoanuwai. Tumezoea kulielewa kama wingi wa aina za viumbe. Humo mna pia wingi wa mazingira, na tofauti zilizomo ndani ya aina moja, ambazo kwangu ndizo muhimu kuliko zote. Matumbawe ya aina moja hayavumilii joto sawasawa. Yanayobaki hai baada ya kupauka ndiyo mbegu ya mwamba unaofuata, na mwamba uliopoteza tofauti hizo hauna wa kuanza naye tena.

Mikoko nayo ina yake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kila aina hushika mstari wake wa maji: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu hadi kwenye ardhi inayofikiwa na bamvua (maji makuu) tu. Bahari ikipanda, mistari hiyo husogea bara, na miche hufuata mwaka hata mwaka ikipata nafasi. Kwa hiyo ile ardhi ya chumvi nyuma ya mchu, isiyo na mti hata mmoja leo, tayari ni sehemu ya makazi ya mikoko. Anayepima viwanja hupaona patupu.