Athens, Ohio: chuo kilipokuwa mwenye ardhi na mji mpangaji

Sisi wa mipango miji tukisikia "mji wa chuo kikuu", picha inayotujia ni mji uliokuwepo zamani, halafu chuo kikaja kuomba eneo. Athens, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, haukuzaliwa hivyo. Chuo ndicho kilichokuwa na ardhi, watu wakaja kupanga.

Mwaka 1787 Kampuni ya Ohio, ya akina Manasseh Cutler na Rufus Putnam, ilikubaliana na Bunge la Marekani kununua eneo kubwa kando ya Mto Ohio. Ndani yake vikatengwa vipande viwili vya mraba, kila kimoja maili 6 kwa 6, jumla ekari 46,080, viwe mtaji wa chuo kikuu. Wakati huo hapakuwa na darasa wala mwalimu. Washawnee na wenyeji wengine, ambao ardhi ile ilikuwa yao, hawakuwa sehemu ya mapatano hayo.

Sheria ya kuanzisha Ohio University ikapitishwa 1804, na hapo ndipo hesabu inaponoga. Ardhi ingepangishwa kwa miaka 90, kodi asilimia 6 ya thamani yake kwa mwaka, na thamani ingepimwa upya baada ya miaka kadhaa. Mpango mzuri kabisa. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo likaubadilisha: miaka 99, inayohuishwa milele, asilimia 6 ya thamani iliyokadiriwa mwanzoni. Kupima upya hakukutajwa tena. Kima cha chini cha thamani kilikuwa dola 1.75 kwa ekari, yaani kodi ya senti kumi na nusu. Piga hesabu ya ekari zote kwa kima hicho: chuo hakipati hata dola 5,000 kwa mwaka, na bei ya ardhi ipande vipi, kodi ile haisogei. Anayelipa kodi ya pango la ardhi Dodoma au Mwanza atatamani mkataba wa namna hiyo.

Haki ya chuo ya kupima upya ilibishaniwa mahakamani, na mwaka 1841 Mahakama ya Juu ya Ohio ikakipa chuo ushindi. Wapangaji hawakukata rufaa; walikwenda kwa wabunge wao, nao mwaka 1843 wakatunga sheria iliyosema kwamba nia ya Bunge tangu mwanzo ilikuwa kodi isiyobadilika. Mkuu wa chuo, William Holmes McGuffey, ambaye watu wa mjini walikuwa wamemchoka kwa kung'ang'ania suala hilo, aliondoka mwaka huohuo. Mwaka 1845 chuo kikafungwa kwa ukata, kikafunguliwa tena 1848. Mimi naona wapangaji walikuwa na hoja: mtu aliyefyeka msitu na kujenga kwa kuamini karatasi aliyopewa hawezi kubebeshwa hasara ya uandishi mbovu wa sheria. Ila mji karibu uiue taasisi iliyouzaa.

Leo mambo yamegeuka. Athens ina wakazi wapatao 24,000, na idadi hiyo inajumuisha wanafunzi, kwa kuwa sensa ya Marekani humhesabu mwanafunzi pale anapoishi. Majengo ya chuo hayatozwi kodi ya majengo, kwa hiyo manispaa hutegemea sana kodi ya mapato: mhadhiri na mpishi wa bwenini wote hukatwa kwenye mshahara. Mpangaji sasa ni mwanafunzi, na mwenye nyumba ni raia wa mjini. Tangu 1971, umri wa kupiga kura uliposhushwa hadi miaka 18, mpangaji huyo anaweza kujiandikisha hapohapo na kumchagua meya na madiwani, ambao ndio wanaotunga kanuni za nyumba za kupangisha.