Je, wajua kwa nini finchi baba humshambulia kinda wake mwenyewe?

Mfugaji wa finchi, wale ndege wadogo wala mbegu wanaofugwa tunduni, awe anaishi Kampala, Jinja au Mbale, huweza kuamka asubuhi akakuta jambo la kushangaza: baba ambaye wiki iliyopita alikuwa akiwalisha makinda wake kwa bidii sasa anawafukuza kutoka kijiti hadi kijiti, akiwadonoa kisogoni mpaka wanajibanza kwenye kona ya tundu. Wengi huona kuwa ndege huyo ameharibika tabia, wakamtoa papo hapo au wakawaondoa makinda. Hatua zote mbili zaweza kuleta hasara, kwa sababu mara nyingi chanzo cha ugomvi si ndege mwenyewe bali ni kiota kilichoachwa tunduni.

Tumchukue finchi milia, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu, ambaye dume lake lina michirizi ya pundamilia kifuani. Asili yake ni Australia na visiwa vya jirani kama Timor, na katika maeneo makavu ya bara lile huzaa kwa kufuata mvua kuliko kalenda, kwa kuwa mvua ndiyo inayoleta mbegu za nyasi. Mbegu zikiwa tele, jozi moja hutaga tena na tena bila kupumzika. Sasa mtazame ndege huyo akiwa Uganda, nchi inayopitiwa na ikweta, ambako mchana huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima, chombo cha nafaka ya ulezi hakipungui na maji yapo daima: kwake yeye, mvua haijakatika. Wafugaji wa Ulaya husaidiwa na majira ya baridi, siku zinapofupika, kuwapumzisha ndege wao. Kwetu pumziko hilo haliji lenyewe, na ni lazima mfugaji alilete kwa mkono wake.

Mayai huatamiwa kwa siku 12 hadi 14 hivi, na makinda hutoka kiotani wakiwa na umri wa siku 18 hadi 21. Hapo bado hawajui kumenya mbegu, nao huendelea kutegemea kulishwa mpaka wakaribie siku 35. Lakini ndani ya kipindi hicho hicho mama huwa tayari anajiandaa kutaga upya, na baba amerudia kukilinda kiota, huku makinda nao wakirudi jioni kulala mle mle walimozaliwa; hapo ndipo ugomvi huzuka. Aliyefuga kuku wa kienyeji ameyaona haya: mama huwadonoa vifaranga wake mwenyewe anapokaribia kutaga tena.

Si kila kinda mwenye upara amepigwa, hata hivyo. Wazazi wanaotaka vitu laini vya kutandika kiotani huweza kuyang'oa manyoya ya kisogoni na mgongoni mwa makinda wao, na dakika chache baadaye wakawalisha kama kawaida. Chungulia kiotani: ukikuta manyoya hayo yametandikwa chini ya mayai mapya, umeshapata jibu. Makinda dume nao hupata tatizo la ziada pale mashavu yao yanapoanza kugeuka rangi ya chungwa, kwa kuwa baba huanza kuwaona kama wapinzani.

Dawa ya kwanza, basi, ni kukiondoa kiota mara tu kinda wa mwisho anapotoka, pamoja na nyasi zote zilizobaki. Makinda watalala kwenye vijiti bila shida. Kwa wakazi wa Kabale, ambako usiku huwa na baridi kali, inafaa kulifunika tundu kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Punguza pia yai la kuchemsha kwa wazazi makinda wakishajitegemea, kwa sababu chakula hicho kitamu huwachochea kutaga.

Mayai mapya yakiwa yamekwishatagwa, ama yaondolewe yangali mabichi, ama tundu ligawanywe kwa wavu wa waya, makinda wakae upande wao wenye ulezi na maji. Baadhi ya akina baba huendelea kuwalisha kupitia matundu ya wavu, lakini jambo hilo lisiachwe kwa bahati: mshike kinda jioni na ulitazame gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni. Likiwa tupu, mrudishe kwa wazazi kwa saa chache huku ukiwaangalia. Ubora mwingine wa wavu, ambao kwangu ni mkubwa, ni kwamba makinda dume hubaki karibu na sauti ya baba. Wimbo wao huukariri kwake kati ya siku ya 25 na ya 65 hivi, na anayemhamishia baba chumba cha mbali atapata madume wenye wimbo usiokamilika.

Makinda wahamishwe kabisa pale tu wanapoonekana wakimenya mbegu wenyewe na mdomo wao mweusi umeanza kuwa mwekundu. Madume na majike watenganishwe kabla ya kutimiza miezi mitatu, wasije wakazaliana ndugu kwa ndugu.

Ikiwa kiota kimeondolewa na baba bado anawajeruhi wanawe, angalia kwanza kama tundu limejaa mno au kama chombo cha chakula ni kimoja tu. Akiendelea hata baada ya hapo, huyo asipewe kiota tena.