Utando wa mafuta nyuma ya boti maana yake nini, na unajuaje unatoka wapi

Ule utando wa rangi rangi kama upinde wa mvua unaouona juu ya maji pembeni ya boti, wengi wakiuona wanafanya moja kati ya mawili, ama wanaupuuza ("ah boti zote ziko hivo") ama wanaanza kufungua nati ovyo bila kujua wanatafuta nini. Wote wanakosea, sema huyu wa pili anakosea kwa gharama kubwa zaidi.

Tuanze na utando wenyewe. Mafuta ni mepesi kuliko maji kwahiyo yanaelea, na yakishaelea hayakai sehemu moja, yanatandaa mpaka yanakuwa membamba kupita maelezo. Mwanga ukipiga pale sehemu yake inarudi kutoka juu ya mafuta na nyingine inarudi kutoka chini, pale mafuta yanapogusana na maji, zikikutana ndo unaona zile rangi. Watu wanaokagua umwagikaji wa mafuta baharini wanakadiria kwamba utando wa rangi za upinde una unene wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 0.3 hadi 5 hivi, na ule wa kung'aa kama fedha ni mwembamba zaidi, unashuka mpaka 0.04. Sasa piga hesabu mwenyewe, lita moja ikitandaa kwa unene wa 0.3 inafunika zaidi ya mita za mraba 3,000, yaani kijiko kimoja cha chai kinatosha kupaka rangi kama mita 16 za mraba. Ndo maana ukubwa wa utando usikutishe na udogo wake usikupumbaze, unachokuambia ni kwamba kuna mafuta yametoka, basi. Yametoka wapi hausemi.

Na kabla hujailaumu boti hakikisha kwanza ni mafuta kweli. Kwenye maji yaliyotulia, hasa yenye majani yanayooza au maji yenye chuma, kuna bakteria wanatengeneza utando unaong'aa vilevile. Chukua kijiti uguse katikati, ukivunjika vipande vipande kama kioo na vikabaki hivo ni wa bakteria, ukizunguka na kujirudia kuungana ni mafuta.

Haya, tuseme ni mafuta. Mafuta gani? Pua yako inajua mapema kuliko fundi. Petroli inanuka kali na utando wake hauchukui muda unapotea kwa sababu inaruka hewani haraka, dizeli inakaa sana na mkononi inateleza, oili ya injini inakuwa nzito na kama imetumika inakuwa nyeusi, na oili ya giaboksi ina ile harufu mbaya ya kiberiti ambayo ukishainusa siku moja huisahau. Rangi nayo inasaidia kidogo, oili ya stroki mbili mara nyingi imetiwa rangi ya bluu na ile ya haidroliki ya kunyanyulia injini mara nyingi ni nyekundu, ila usishikilie sana rangi maana kila kampuni ina mambo yake.

Hapa nisimame kidogo. Kama harufu ya petroli inatoka NDANI ya boti, chini kule kwenye ngama, habari za utando ziache kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unajikusanya chini kabisa ya boti kama maji kwenye beseni, na unachosubiri ni cheche moja tu. Usipige stati, usiguse swichi yoyote hata ya taa, toa watu, fungua kila kifuniko hewa ipite, halafu ndo utafute. Dizeli haina haraka hivo ya kushika moto lakini nayo isikufanye ulegee.

Sasa swali lenyewe. Wengi wanauliza "inavuja wapi?" wakati swali linalokupeleka kwenye jibu ni "inavuja LINI?". Boti ina njia chache tu za kufikisha mafuta kwenye maji na kila njia ina saa zake.

Boti imefungwa gatini, injini haijawashwa tangu jana na utando unatoka kidogo kidogo bila kukatika, kama ni injini ya nje angalia mguu, yaani giaboksi iliyozama. Nyanyua injini itoke majini kabisa uone, utando ukikoma umeshampata mshukiwa. Weka boksi safi chini ya ncha ya mguu uliache usiku kucha. Kitu chepesi cheusi kinachonuka moshi kikidondoka kutoka katikati ya panga (propela), hayo ni mabaki ya ekzosi tu, injini nyingi za nje zinatoa moshi kupitia hapohapo, ila ikiwa ni oili nzito yenye harufu ya kiberiti basi sili (mpira wa kuzibia oili) ya shafti ya panga imekwisha, na nakuhakikishia ukitoa panga una nafasi nzuri ya kukuta uzi wa kuvulia samaki umejisokota humo na kuikata ile sili. Au wala si sili, ni gasketi ndogo za skrubu za kumwagia oili ambazo watu wanazirudishia zile zile za zamani kila mwaka, kitu cha bei ya pipi kinakuharibia giaboksi nzima. Maana kumbuka, oili inapotoka maji nayo yanaingia. Boti ikiwa nje ya maji na injini imesimama wima masaa kadhaa, legeza skrubu ya chini kidogo tu, maji mazito kuliko oili kwahiyo ndo yatatangulia kutoka, na kama oili inatoka nyeupe kama maziwa basi vimeshachanganyika muda mrefu. Fundi akitaka uhakika anajaza hewa ya presha ndogo kwa kiwango cha kwenye kitabu na kupaka maji ya sabuni, povu linamuonyesha.

Utando unakuja mchana jua likiwa kali na asubuhi haupo? Ulijaza tangi mpaka shingoni. Mafuta yakipata joto yanavimba, yakikosa nafasi yanatoka kupitia tundu la kupumulia tangi, hakuna kilichoharibika hapo zaidi ya tabia, acha nafasi kidogo juu.

Unakuja kwa mkupuo halafu unakata, baada ya muda tena? Hiyo ni pampu ya ngama ile ya kujiwasha yenyewe. Inafua maji na kila kilichoelea juu yake, kwahiyo kinachovuja kiko ndani, na pampu ni mjumbe tu. Safisha chini mpaka pakauke, tandika vitambaa vyeupe vya kunyonya (hata nepi ya mtoto inafaa) chini ya injini, chini ya filta, chini ya kila kiungo cha paipu, endesha kidogo, urudi usome vitambaa. Fuata kilicho juu kabisa, kwa sababu mafuta yanatambaa na upepo wa injini na mtikisiko, panapodondokea si panapovujia.

Unatokea unapowasha tu halafu unapungua? Kama ni stroki mbili ya zamani ya kabureta hiyo ni sura yake, inachoma oili pamoja na petroli na sehemu nzuri ya mafuta inatoka bila kuungua. Sili usiibadilishe. Stroki nne ikifanya hivo kwa wingi ndo uulize, na anzia kwa flota (kiboya kidogo) ya kabureta iliyokwama, petroli inafurika chini ya kifuniko cha injini na kushukia majini.

Na ule unaotokea injini ikiwa inafanya kazi tu, kwenye injini ya ndani, ndo unawatesa watu. Chini pakavu kabisa, hakuna tone, lakini oili inapungua kwenye kijiti cha kupimia. Angalia kipoza oili. Humo oili na maji ya kupozea vinapita jirani vikitenganishwa na bati jembamba, likitoboka presha ya oili inaisukuma kwenye maji na inatoka na ekzosi nje, hutaiona ndani ng'o. Nimeona mtu amebadilisha gasketi tatu kwa tatizo hili.

Kuna uvujaji mwingine hauweki hata tone. Kwenye paipu kutoka tangini mpaka pampu ya mafuta, mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwahiyo paipu ikipasuka mara nyingi inanyonya hewa, injini inakohoa mwendo ukikolea na wewe unalaumu plagi. Kamua kile kipira cha mkono cha kusukumia mafuta, kilicho kwenye hiyo paipu, mpaka kiwe kigumu, hapo sasa umeweka presha, ndo utaona pale panapolowa. Kikigoma kabisa kuwa kigumu, ama valvu zake zimekufa ama kuna sehemu hewa inaingia.

Na tafadhali usimwage sabuni juu ya utando. Watu wanaona rangi imepotea wanadhani wamesafisha, kumbe mafuta yamevunjika matone madogo na kuchanganyika na maji, samaki wanayapata yote na wewe ushahidi wako umeupoteza, kesho unaanza upya hujui hata saa ngapi yalitoka.