Jino, sindano ya ganzi na muoni: maswali kutoka Moshi

Nilikwenda kung'oa jino lenye jipu hapa Moshi. Nilichomwa sindano ya ganzi mara mbili na bado nikasikia maumivu. Dawa ilikuwa mbovu?

Pole sana, dada yangu. Si lazima iwe mbovu. Lidokaini, ganzi inayotumika sana kwenye meno, huzuia maumivu ikiwa imeingia ndani ya neva, na ili iingie sharti ivuke utando wa seli. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, unene wake kama nanomita 5 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Umeona mafuta ya mtori yanavyojitenga na maji bakulini? Chembe ya lidokaini isiyo na chaji ya umeme hupenya mafuta hayo. Yenye chaji hubaki kwenye maji. Penye usaha pana asidi, na asidi huipa lidokaini chaji, kwa hiyo nyingi huishia nje. Hiyo ni sababu mojawapo. Daktari anaweza kuchoma mbali na jipu, au kutoa usaha kwanza. Tafadhali usijikaze: ukisikia maumivu, inua mkono ili daktari asitishe kwanza.

Wataalamu wanajuaje dawa imekaa wapi kwenye utando mwembamba hivyo?

Njia moja, ambayo mimi naiona ya ajabu kweli, hutumia muoni. Hii ni chembe nzito kuliko elektroni mara 207 hivi, na huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Muoni yenye chaji chanya ikinasa elektroni huwa muonia, inayofanya kama haidrojeni yenye uzito wa sehemu moja ya tisa. Hujishikiza kwenye molekuli ya dawa pale ambapo atomu mbili za kaboni zimeshikana kwa mikono miwili. Kila muoni ni kama sumaku ndogo, na inapokufa hutupa positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), mara nyingi kuelekea upande sumaku yake ilikoelekea. Wataalamu hubadilisha nguvu ya sumaku kubwa ya maabara na kuhesabu positroni hizo. Hapo hutambua kama dawa imezungukwa na maji au mafuta, na kama inazunguka kwa uhuru au imebanwa.

Nami nitapigwa muoni hospitalini?

Hapana. Hupimwa sampuli za mafuta na dawa, kwenye maabara chache kama ISIS ya Uingereza, PSI ya Uswisi, TRIUMF ya Kanada na J-PARC ya Japani.

Mume wangu ni mpagazi wa Kilimanjaro. Nasikia muoni hushuka toka angani. Zitamdhuru?

Ni kweli zinashuka. Usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba hupitiwa na muoni kama moja kwa dakika, na kileleni, mita 5,895, ni nyingi zaidi. Kwa siku chache za safari, hazina hatari kwake. Kinachonitia hofu mimi ni hewa nyembamba. Akiumwa kichwa na kutapika, asiendelee kupanda. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.