Mji rafiki kwa wazee ni mji wa namna gani?

Ni mji ambao barabara, vivuko, stendi, masoko na majengo yake yamepangwa ili mtu mwenye umri mkubwa atoke nyumbani, afike anakokwenda na kurudi salama, tena bila kushikwa mkono kama hataki. Dhana hii ilienea baada ya Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo wake mwaka 2007, uliotokana na maoni ya wazee wa miji 33, Nairobi ukiwemo. Kwetu Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea.

Kinachopimwa ni safari nzima. Chukua bibi anayeteremka kutoka Kibosho kwa haisi kwenda kliniki ya presha mjini Moshi. Akishuka, njia ya waenda kwa miguu ina meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa, kwa hiyo anaingia barabarani pamoja na magari. Mfuniko wa mtaro umevunjika, na masika maji yakijaa shimo halionekani. Hospitali ikiwa na mteremko mzuri mlangoni, haitamsaidia aliyevunjika nyonga mtaroni.

Kuvuka ndiko kugumu zaidi. Taa nyingi za kuvukia duniani hupangwa kwa mwendo wa mtembea kwa miguu wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 kijana anaimaliza kwa sekunde 12 hivi. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji zaidi ya sekunde 17. Muda wa taa unaweza kuongezwa, lakini mimi naona kisiwa cha katikati, yaani sehemu salama ya kusimama katikati ya barabara, kina faida zaidi: mzee anavuka nusu, anapumzika, kisha anaangalia magari ya upande mmoja tu. Tuta liwe kabla ya pundamilia, kwa sababu rangi peke yake haimpunguzi mwendo dereva.

Benchi nalo liwe na egemeo na mikono, maana mzee huinuka kwa kujisukuma. Ngazi ziwe na vishikio pande zote mbili. Aliyepata kiharusi huenda ana mkono mmoja tu wenye nguvu. Na choo! Wengi wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo hubaki nyumbani kwa kutojua watajisaidia wapi.

Kuwafukuza wafanyabiashara njiani si jibu. Baadhi ya wanaouza ndizi na mboga chini ni kina bibi wenyewe, nao wanahitaji eneo lenye kivuli, kiti na choo, kando ya njia wateja wanakopita.