Je, wajua? Marekani haijawahi kupiga marufuku utafiti wa bunduki

Kwa miaka mingi nilikuwa naamini, na nimebishana na watu sana tu, kwamba Marekani kuna sheria inayoikataza serikali kutafiti kwa nini watu wanauana kwa bunduki. Hakuna. Sheria yenyewe ni ya 1996, inaitwa kwa jina la Jay Dickey, mbunge wa Arkansas, na ukiisoma neno utafiti halimo kabisa. Inachosema ni kwamba hela za kuzuia majeraha wanazopewa CDC, kile kituo cha kudhibiti magonjwa, zisitumike kutetea wala kupigia debe udhibiti wa bunduki. Basi. Kutafiti ruksa, kupiga debe hapana.

Sasa mbona utafiti ulikauka zaidi ya miaka 20?

Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake, kwa hela za CDC, walichapisha kwamba nyumba yenye bunduki ilihusiana na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara 2.7 (kuhusiana tu, maana inawezekana pia watu walio hatarini ndio wanaonunua bunduki). Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kikaja juu. Bunge likaweka ile sentensi, halafu likaondoa dola milioni 2.6 kwenye bajeti ya CDC, kiasi kilekile walichotumia kutafiti majeraha ya bunduki mwaka uliotangulia, likazielekeza kwenye majeraha ya ubongo.

Chukulia unauza duka la tajiri. Mwezi uliopita umekopesha wateja elfu thelathini, umeandika vizuri kwenye daftari. Siku ya mshahara tajiri anakwambia sikukatazi kukopesha, ila hela yangu isikopeshwe ovyo. Unahesabu mshahara, umekatwa elfu thelathini kamili, haizidi haipungui. Ovyo ni nini hajasema. Kesho asubuhi mteja anakuja anataka unga wa mkopo, utamjibu nini? Utamwambia leo hatukopeshi, hata yule mama anayelipa kila mwezi bila kukumbushwa utamrudisha. Hakuna aliyekukataza, umejikataza mwenyewe, kwa sababu mpaka wa kosa anaujua tajiri peke yake na wewe utaujua ukishakatwa tena.

Ndicho kilichowapata CDC. Vifo waliendelea kuvihesabu kila mwaka, ila kuuliza kwa nini, na nini kinazuia, hapo waligusa kidogo sana, na mtafiti kijana akiona hakuna hela anahamia kwenye malaria au ajali za barabarani. Tumepoteza majibu kiasi gani huwezi kupima, utafiti ambao haukufanyika hauachi namba.

Na hili linanigusa kila nikilikumbuka: Dickey mwenyewe alibadilika. Mwaka 2012 aliandika gazetini pamoja na Mark Rosenberg, yuleyule aliyekuwa anaongoza kitengo cha majeraha CDC na walikuwa mahasimu kweli, wakisema utafiti ufanyike, kwamba vifo vya magari vimepunguzwa na sayansi bila kumnyang'anya mtu gari. Alifariki 2017. Mwaka 2018 bunge likafafanua kwamba CDC wanaruhusiwa kutafiti, na kwa bajeti ya 2020 zikatoka dola milioni 25, nusu CDC nusu NIH, zile taasisi za serikali za utafiti wa afya.

Ile sentensi ya 1996 bado inawekwa kwenye bajeti.