Je, wajua kwa nini abiria anatapika ila dereva hatapiki?

Kuna siku nilipanda Coaster pale Mombo kwenda Lushoto. Nilikuwa nimeshapiga mayai mawili ya kuchemsha na chungwa, simu imejaa chaji, bando lipo, nikajisemea hapa ni kuchati tu mpaka nafika. Wanaoijua ile njia washajua story inaishia wapi. Ni kilomita thelathini na kitu tu lakini ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja korongo upande mwingine, na mimi kichwa nimekiinamisha kwenye simu kama nasoma mtihani. Kabla hata ya Soni nikaanza kupiga miayo, nikasema usingizi huu, afu jasho la baridi likanitoka mgongoni, mate yakajaa mdomoni, na yule mama niliyekaa naye ambaye nilimpa shikamoo tu wakati napanda akaniangalia usoni akasema "mwanangu, weka hiyo simu, tazama mbele huko." Akanipa na kipande cha ndimu ninuse. Too late! Konda alikuwa mwepesi kuliko mimi, mfuko ulifika kabla ya mayai.

Sasa kilichoniuma sio hata aibu. Kilichoniuma ni dereva. Kona zile zile, gari lile lile, yeye anatafuna karanga na mkono mmoja kwenye usukani huku anabishana habari za Simba na Yanga na jamaa wa siti ya mbele, na ukiangalia alishapanda na kushuka mlima ule sijui mara ngapi siku hiyo. Mbona yeye hatapiki? Nikaenda kuisoma hii kitu, na kumbe jibu lipo, na halianzii tumboni kabisa, linaanzia sikioni.

Iko hivi. Sikio halipo kwa ajili ya kusikia tu. Ndani kabisa, nyuma ya ile ngoma ya sikio, kuna vimirija vitatu vimejikunja nusu duara na ndani yake kuna maji. Kila kimoja kimeelekea upande wake, kwa hiyo ukitikisa kichwa kusema ndiyo, ukikizungusha kusema hapana, au ukikilaza begani, kuna kimirija kinachojua. Ukitaka kuona kinavyofanya kazi chukua bakuli la maji, nyunyizia pilipili manga juu, afu lizungushe bakuli ghafla. Utaona bakuli linaenda ila maji na pilipili vinabaki nyuma kwanza, vinakuja kufuata baadaye, na ukilisimamisha ghafla, bakuli linatulia ila maji yanaendelea kuzunguka. Basi sikioni ni hivyo hivyo, kichwa kinageuka, maji yanachelewa, yanasukuma kitu laini chenye vinyweleo, na vile vinyweleo vinapiga ripoti kwenye ubongo kwamba bosi tumegeuka. (Ndo maana mtoto akijizungusha afu akasimama anaona nyumba inazunguka, maji bado hayajatulia.) Pembeni ya hivyo vimirija kuna sehemu nyingine mbili zenye vijiwe vidogo sana vya chokaa vimelala juu ya kitu kama jeli, hivyo vinapima kwenda mbele, kurudi nyuma, kupanda, kushuka. Gari likifunga breki vijiwe vinateleza kidogo na ubongo unajua.

Kwa hiyo mimi pale nikiwa na simu yangu, masikio yananiambia tunakata kona kushoto, kulia, tunapanda, breki. Macho yanaona nini? Kioo cha simu kimetulia tuli na siti ya mbele imetulia tuli. Macho yanasema mzee tumekaa, hatuendi popote. Masikio yanasema wewe muongo. Ubongo unapata mashahidi wawili wanaopingana na wote ni wa kuaminika, na hapo ndo shida inaanza. Hii ndo maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayakubali, kwamba kuchefuka safarini kunatokana na ugomvi wa taarifa, yaani kile mwili unachohisi hakilingani na kile ubongo ulichotegemea. Na inafanya kazi hata ukiigeuza, ukivaa yale mamiwani ya gemu za VR umekaa kwenye kochi lako sebuleni macho yanaona unapaa na masikio yanasema tumekaa, unachefuka vile vile bila hata kulipa nauli.

Sawa, ila kwa nini tumbo? Macho na masikio yanagombana, tumbo limeingiaje hapo? Hapa ndo patamu. Mwaka 1977 mtafiti mmoja anaitwa Michel Treisman aliandika kwenye jarida la Science akatoa wazo kwamba ubongo unadhani umekula sumu. Fikiria enzi za mababu huko porini, hakuna basi hakuna boti, ni kitu gani kingeweza kufanya macho na masikio yasielewane? Ni sumu, yaani tunda baya au uyoga mbaya. Sasa ubongo ukiona dunia inayumba bila sababu haupotezi muda kufanya uchunguzi, unatoa amri moja tu, toa kila kilichopo tumboni. Kwa hiyo mayai yangu hayakuwa na kosa lolote, yalihukumiwa kwa makosa ya barabara.

Na hapa Kiswahili kimenifurahisha sana, maana sisi tulishasema zamani. Watu wa pwani mtu akichefuka chomboni wanasema bahari imemlevya, na ule ugonjwa wenyewe ni ulevi wa bahari. Neno lile lile la pombe, lile lile la dawa za kulevya! Na sio utani, pombe kweli inaingia kwenye vile vimirija vya sikio. Pombe ni nyepesi kuliko maji, inapenya kwenye kile kitu laini chenye vinyweleo kabla haijaenea kwenye maji yanayokizunguka, kwa hiyo kile kitu kinakuwa chepesi kinaelea hovyo na kupeleka ripoti za uongo, ndo maana mlevi akilala kitandani anashika godoro kwa mikono miwili anasema nyumba inazunguka. Aliyelewa pombe na aliyelewa gari, masikio yao yanapiga kelele inayofanana.

Sio wote wanaokubaliana na habari ya sumu lakini. Wapo wanaosema ni ajali tu, kwamba nyaya za usawa na nyaya za kutapika zimepita jirani sana kwenye ubongo, mmoja ukiguswa na mwingine unashtuka. Mimi naegemea kwa Treisman, naona inaeleza vizuri kwa nini hata harufu ya chakula tu inakuwa adui ukishaanza kuchefuka, ila siwezi kuapa.

Kitu ambacho hakina ubishi ni kwamba sikio ndo mtuhumiwa namba moja, na ushahidi wake ni kisa kimoja kitamu sana. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 Marekani walikuwa wanajiandaa kurusha watu angani na walitaka kujua mwili utafanyaje huko, basi jeshi la majini na NASA wakawachukua wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha viziwi cha Gallaudet pale Washington. 10 kati yao walipoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao uliua na ile mitambo ya usawa ndani ya sikio. Wakawekwa wanne kwenye chumba kinachozunguka mara 10 kwa dakika, siku 12 mfululizo, wako fresh tu. Afu wakapelekwa baharini kwenye feri huko Nova Scotia, Kanada, bahari imechafuka vibaya, na wale viziwi wakakaa wanacheza karata na kupiga story zao, wakati watafiti waliokuja kuwapima wao ndo wamelala hoi wanatapika, mpaka jaribio likabidi livunjwe. Yaani waliokuwa na masikio mazima ndo walioshindwa kazi.

Turudi kwa dereva wangu mla karanga. Yeye masikio anayo, tena mazima. Tofauti ni kwamba ubongo wake unajua kona kabla haijafika. Yeye ndo anayeamua sasa nakata, sasa nafunga breki, kwa hiyo taarifa ya sikio ikifika inakuta ubongo ulishaitegemea, hakuna ugomvi. Mwaka 1991 watafiti wawili, Rolnick na Lubow, walilipima hili kabisa, waliwaweka watu wawili wawili kwenye mtambo unaozunguka, wote wanapata mzunguko ule ule, ila mmoja ndo anauendesha mwingine anaendeshwa tu. Anayeendesha aliumwa kidogo kuliko mwenzake. Na angalia kichwa cha dereva siku ukipanda gari, kwenye kona anakiinamisha ndani, upande gari linakoelekea, wakati sisi abiria vichwa vinatupwa nje kama maembe kwenye tenga. Ukimtoa yule yule dereva ukamweka siti ya nyuma kabisa mwenzake aendeshe, usishangae akiomba mfuko.

Kingine ambacho nilikuwa sijui ni kwamba sio kila mtikisiko unachefua. Mbaya kuliko yote ni ule wa taratibu, unaokwenda na kurudi mara moja kama kila sekunde 5 hivi. Barabara ya vumbi yenye mashimo inakutikisa haraka haraka, utaumwa mgongo, utakula vumbi, ila kutapika ni nadra. Lami nzuri yenye kona ndefu za kupokezana ndo inaua, na boti ndo usiseme, mawimbi yana mwendo ule ule kabisa. Waliovuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba kipindi cha upepo wananielewa, safari inaanza watu wanacheka na kupiga selfie na baada ya muda boti zima kimya, mhudumu anapita anagawa vifuko kama anagawa peremende.

Halafu hii haichagui ushujaa. Nelson, yule admirali mkubwa wa Waingereza, alikuwa anaumwa baharini. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, alizunguka na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836 na hakuizoea, ingawa watu wengi wakikaa chomboni siku mbili tatu ubongo unazoea, mpaka wakishuka wanaona ardhi ndo inayumba. Watoto chini ya miaka miwili ni nadra kuumwa, ila kuanzia hapo mpaka kama 12 ndo wateja wakubwa, na wanawake wanaumwa zaidi ya wanaume, hasa wenye mimba. Kwa hiyo kama una mtoto kwenye basi na ameanza miayo mfululizo, kapauka, kanyamaza ghafla na anameza mate, huyo hana usingizi. Tafuta mfuko sasa hivi.

Sasa dawa yenyewe ukishaelewa ni ugomvi wa mashahidi, inajieleza. Ama uyape macho kile masikio yanachohisi, yaani kaa mbele, angalia mbali barabarani kule mwisho, sio miti ya pembeni inayokimbia. Ama uyanyamazishe macho, yafumbe, egemeza kichwa kwenye siti kisichezecheze. Kwenye boti kaa katikati, chini, huko kunayumba kidogo. Kwenye treni usikae kinyumenyume. Fungua dirisha, vuta pumzi ndefu za taratibu. Ndimu ya yule mama inasaidia angalau kuua harufu ya dizeli, tangawizi tafiti zingine zinasema inasaidia zingine zinasema wapi, mimi natafuna tu. Vidonge vipo duka la dawa, sinarizini na promethazini ndo vinajulikana sana, ila kosa la wengi ni kumeza wakishaanza kuchefuka. Tumbo likishachefuka linagoma kusukuma kitu, kidonge kinakaa pale pale kikisubiri kurudi kilikotoka. Meza saa moja au mbili kabla ya safari, ujue vinaleta usingizi kwa hiyo kama ni wewe unayeendesha acha kabisa, na kwa mtoto au mjamzito muulize mfamasia kwanza.

Siku ya kurudi niliwahi stendi alfajiri, nikaikamata siti ya mbele pembeni ya dereva, macho kwenye lami, simu mfukoni, na kila akiinamisha kichwa kwenye kona na mimi nainamisha kama tunasali pamoja. Sikutapika. Nyuma yangu kulikuwa na kijana kavaa earphone anaangalia muvi, tumeteremka kona kama tano hivi nikasikia muayo mrefu. Nikageuka nikamwambia mdogo wangu, weka simu utazame mbele. Akanijibu "poa bro" akaendelea na muvi yake. Tunaingia Mombo, konda anaulizia wapi atapata maji na ufagio.